Kila kuhani ni Mlawi, lakini si kila Mlawi ni kuhani: uzi maalumu wa kabila la Lawi

Bawabu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi mwingine watu walikuwa wanabishana kama Yohana Mbatizaji alikuwa na haki ya ukuhani. Mmoja akafunga mjadala kwa mstari mmoja: baba yake Mlawi, basi ni kuhani. Jibu lilikuwa sahihi, njia aliyopita siyo. Zakaria, baba yake Yohana, alikuwa kuhani kwa sababu alitoka kwa Haruni, ndugu yake Musa, ambaye ndani ya kabila la Lawi uzao wake pekee ndio wa makuhani, na Luka 1 inataja hadi zamu yake, ya Abiya. Angekuwa Mlawi wa ukoo wa Merari, angeishia malangoni. Kufukiza uvumba kungemgharimu maisha.

Watu wengi tunasoma "Walawi" na "makuhani" kama kitu kimoja. Naleta uzi huu kueleza tofauti, na zaidi ya hapo kuonyesha kwamba tofauti yenyewe ilipiganiwa kwa karne nyingi, na Biblia haikuuficha ugomvi huo.

Tuanze na Lawi mwenyewe, mwana wa tatu wa Yakobo na Lea. Huyu hakuwa mtu wa ibada. Katika Mwanzo 34 yeye na Simeoni wanaingia mji wa Shekemu na kuwaua wanaume wote wakiwa bado wana maumivu ya tohara. Yakobo akiwa kitandani pake pa mwisho hakusahau: Mwanzo 49 anawalaani wote wawili, akisema atawagawa na kuwatawanya katika Israeli. Laana moja, watu wawili, matokeo mawili. Simeoni akamezwa ndani ya Yuda. Ukisoma Yoshua 19 utaona miji yake yote imo katikati ya urithi wa Yuda. Lawi naye akatawanywa kweli, ila kutawanywa kwake kukageuka kuwa kazi.

Nini kiliigeuza laana hiyo? Kutoka 32. Watu wametengeneza ndama, Musa anasimama langoni mwa kambi na kuita walio upande wa BWANA, Walawi wanamjia, wanachukua panga na kuua watu wapatao 3,000, wakiwamo ndugu na rafiki. Ukatili uleule wa Shekemu, safari hii wenye idhini. Na aliyeitengeneza ndama ni nani? Haruni, Mlawi mwenzao, ambaye ndiye alikuja kuwa kuhani mkuu. Waliomwaga damu kuisafisha kambi wakapewa kubeba mizigo, aliyeisababisha akapewa madhabahu. Kila nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Halafu inakuja Hesabu 3, sura ambayo wengi tunairuka kwa sababu ya majina na tarakimu. Hoja yake ni hii: usiku wa pasaka Misri kila mzaliwa wa kwanza wa Israeli alikombolewa, kwa hiyo ni mali ya Mungu. Badala ya kuwachukua hao kutoka kila nyumba, Mungu anawachukua Walawi. Mtu kwa mtu. Wakahesabiwa Walawi wanaume kuanzia umri wa mwezi mmoja: 22,000. Wazaliwa wa kwanza wa makabila mengine: 22,273. Wamezidi 273, na hao wakalipiwa shekeli tano kila mmoja, jumla shekeli 1,365, fedha ikaenda kwa Haruni na wanawe.

Kwa hiyo mbele ya madhabahu Mlawi ni fidia. Yeye mwenyewe ni sadaka: Hesabu 8 wana wa Israeli wanaweka mikono juu yao, vilevile kama mtu anavyoweka mkono juu ya mnyama wa sadaka, kisha Haruni anawatoa mbele za BWANA. Makuhani walitiwa mafuta na kuvikwa mavazi matakatifu. Walawi walinyunyiziwa maji, wakanyolewa mwili mzima, wakafua nguo zao.

Naendelea kushusha, msikate tamaa.

Kiti cha Nyuma

Naweka kigoda hapa mbele kabisa.

Bawabu wa Zamu

Sehemu ya pili, kazi zenyewe.

Lawi alikuwa na wana watatu: Gershoni, Kohathi na Merari. Kila ukoo ulikuwa na mzigo wake hema ya ibada ya jangwani ilipohama. Wagershoni walibeba vitambaa: mapazia, vifuniko, kamba zake. Wamerari walibeba mbao, nguzo, vigingi na vitako vya kusimamishia mbao. Hapo kwenye vitako msipite haraka. Kutoka 38 inasema vilikuwa 100 vya fedha, kila kimoja talanta moja, yaani zaidi ya kilo 30. Hiyo ni zaidi ya tani tatu za fedha tupu kabla hujagusa mbao. Ndiyo maana Hesabu 7 Wamerari walipewa magari manne na ng'ombe wanane, Wagershoni magari mawili na ng'ombe wanne.

Wakohathi hawakupewa gari hata moja. Mzigo wao ulikuwa sanduku la agano, meza, kinara cha taa na madhabahu, na ulipaswa kukaa begani. Na hata hapo hawakuruhusiwa kuviona. Haruni na wanawe waliingia kwanza, wakafunika kila kitu kwa nguo na ngozi, wakatia miti ya kuchukulia, ndipo Wakohathi wakaitwa. Hesabu 4 iko wazi: wakitazama, hata kwa dakika, watakufa. Hebu pata picha ya mtu anayebeba kitu kitakatifu kuliko vyote maisha yake yote na hajawahi kukiona.

Karne kadhaa baadaye Daudi analeta sanduku Yerusalemu juu ya gari jipya, Uza ananyosha mkono kulishika, anakufa. Mambo ya Nyakati wa kwanza 15 inatoa sababu ambayo 2 Samweli haiitaji: hawakuwa Walawi waliolibeba safari ya kwanza. Safari ya pili likapanda mabegani.

Umri wa kazi ni kichekesho kidogo. Hesabu 4 ni miaka 30 hadi 50, Hesabu 8 ni kuanzia 25, na 1 Mambo ya Nyakati 23 inashuka hadi 20. Wapatanishi wanasema mitano ya kwanza ilikuwa ya kujifunza. Mimi naona mahitaji yalibadilika: hekalu likishajengwa hakuna tena vitako vya kubeba, kinachotakiwa ni watu wa kusimamia milango, hazina, mikate, mizani na nyimbo. Sura hiyohiyo ya 23 inampa Daudi Walawi 38,000: 24,000 wa kusimamia kazi ya nyumba, 6,000 wasimamizi na waamuzi, 4,000 mabawabu, 4,000 wa kumsifu Mungu kwa vinanda. Ukubwa wa namba tuuache pembeni, tazama mgawanyo. Hekalu lilikuwa pia mahakama, ghala na ofisi.

Fundi Saa

Mkuu, nimechukua kikokotoo. Hesabu 3: Gershoni 7,500, Kohathi 8,600, Merari 6,200. Jumla 22,300. Wewe umeandika 22,000. Au macho yangu?

Bawabu wa Zamu

Macho yako mazima, Fundi. Sura yenyewe inatoa jumla ya 22,000 na wasomaji wameliona hilo tangu zamani. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, ina jibu: wale 300 walikuwa wenyewe wazaliwa wa kwanza wa Lawi, na mzaliwa wa kwanza hawezi kumkomboa mzaliwa wa kwanza mwenzake, kwa hiyo hawakuingia kwenye hesabu ya fidia. Jibu la pili ni la wanakili. Kwa Kiebrania tofauti kati ya "tatu" na "sita" inaweza kuwa herufi moja tu, na baadhi ya nakala za tafsiri ya kale ya Kigiriki zina 8,300 kwa Kohathi. Ukiweka 8,300, jumla inafika 22,000 bila senti kuzidi. Mimi niko na wanakili.

Bint Pwani

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, nimevutiwa na huu uzi. Kuna Kora wa Hesabu 16, Mlawi aliyewaasi Musa na Haruni. Ndiye Qaruni wetu? Maana kwetu Qaruni ni tajiri, funguo za hazina zake zilikuwa mzigo hata kwa kundi la watu wenye nguvu. Sijawahi kusikia habari ya yeye kutaka chetezo, chombo cha kufukizia uvumba cha makuhani.

Bawabu wa Zamu

Wa alaykum salaam, dada. Ndiye, kwa mujibu wa wafasiri. Surat al-Qasas inasema alikuwa katika watu wa Musa kisha akawadhulumu, na ardhi ikamdidimiza yeye na nyumba yake. Hesabu 16 nayo ardhi inafunua kinywa. Ila kosa linalosisitizwa ni tofauti. Kule ni kiburi cha mali. Kwenye Hesabu ni kiburi cha cheo, au ukipenda, dai la haki.

Tazama hoja ya Kora vizuri, kwa sababu si ya kijinga hata kidogo. Kora ni Mkohathi. Baba yake na baba yake Musa na Haruni ni ndugu. Ni damu moja, ukoo mmoja, yeye anabeba na Haruni anakaribia. Anakuja na watu 250 wenye heshima na kusema kusanyiko lote ni takatifu, kwa nini ninyi mnajikuza? Jibu la Musa linagusa jeraha lenyewe: haiwatoshi kuwa Mungu amewatenga mmhudumie, hadi mtafute na ukuhani pia? Baadaye fimbo 12 zinawekwa ndani ya hema usiku mmoja, ya Haruni inachanua na kuzaa lozi. Mjadala umefungwa kwa fimbo.

Lakini Hesabu 26 inaongeza kamstari kafupi: wana wa Kora hawakufa. Na hao ndio walioacha alama kubwa. Zaburi ya 42, 44 hadi 49, 84, 85, 87 na 88 zina jina lao. 1 Mambo ya Nyakati 9 inawataja kama mabawabu. Ile Zaburi ya 84 inayosema ni afadhali kuwa bawabu nyumbani kwa Mungu kuliko kukaa katika hema za waovu, ipo chini ya jina la wana wa Kora! Babu alitaka chetezo, wajukuu wanashukuru kwa mlango. Hapo ndipo nilipotoa jina langu la humu.

Mwanakwaya wa Sauti ya Pili

Nilikuwa nasubiri tufike kwenye nyimbo. Hivi waimbaji walikuwa Walawi wote? Na wanawake?

Bawabu wa Zamu

Kwa mpango wa Mambo ya Nyakati, ndiyo: Asafu kwa Gershoni, Hemani kwa Kohathi, Ethani (anayeitwa pia Yeduthuni) kwa Merari. Kila ukoo na mkuu wake wa muziki. Sura ya 25 inataja waimbaji 288, zamu 24 za watu 12. Asafu ana zaburi 12 kwa jina lake, ya 50 na ya 73 hadi 83. Hemani ni mjukuu wa nabii Samweli, na ukoo wao unapanda hadi kwa Kora.

Hapo kuna kitu cha kutafuna. 1 Samweli 1 inamtambulisha Elkana, baba yake Samweli, kama mtu wa milima ya Efraimu, na neno Mlawi halipo. Mambo ya Nyakati anamtia kwenye orodha ya Kohathi. Labda alikuwa Mlawi anayekaa Efraimu, inawezekana kabisa. Au mwandishi wa baadaye alishindwa kuelewa inakuwaje mtu asiye Mlawi alale hekaluni karibu na sanduku na kutoa sadaka, akamtafutia ukoo. Mwandishi huyo ana tabia hiyo. 2 Samweli 8 inasema wana wa Daudi walikuwa makuhani, Wayuda hao! Kwenye 1 Mambo ya Nyakati 18 habari ileile imegeuka, wana wa Daudi ni wakuu kandokando ya mfalme.

Kuhusu wanawake: Hemani alikuwa na wana 14 na binti watatu, na mistari inayofuata inasema hao wote walikuwa chini ya mkono wa baba yao kwa kuimba, wasomaji hawakubaliani kama binti wamo. Ezra 2 inataja waimbaji 200 wanaume kwa wanawake waliorudi kutoka Babeli, ila wametajwa pamoja na watumishi wa watu, mbali na waimbaji wa hekalu. Kutoka 38 ina wanawake waliotumika mlangoni pa hema na kutoa vioo vyao vya shaba. Binti wa kuhani alikula vitu vitakatifu nyumbani kwa baba yake. Akiolewa nje haki inakatika, akifiwa au kuachwa bila mtoto na kurudi kwao, inarudi. Hiyo ni Mambo ya Walawi 22.

Katika hekalu la pili kila siku ya wiki ilikuwa na zaburi yake, Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, imetunza orodha: Jumapili ya 24, Jumatatu ya 48, Jumanne ya 82, Jumatano ya 94, Alhamisi ya 81, Ijumaa ya 93, Sabato ya 92. Na kuna kisa cha Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani: miaka michache kabla ya hekalu kuangamia, waimbaji wa Kilawi walimwomba mfalme Agripa II awaruhusu kuvaa kitani kama makuhani. Akakubali, na kundi jingine la Walawi likaruhusiwa kujifunza kuimba nyimbo za sifa. Josephus amekasirika hadi anasema mambo hayo yalikuwa kinyume cha sheria za wazee na yasingeweza kukosa adhabu. Kwa ajili ya joho!

Kiti cha Nyuma

Kora yuleyule, safari hii kashinda kwa barua ya mfalme 😂

Mpinzani Rasmi

Mleta uzi, unasimulia vizuri lakini unakwenda kama vile Hesabu iliandikwa jangwani mtu ameshika kalamu. Wasomi wameshasema zamani mgawanyo wa kuhani na Mlawi ni wa baada ya uhamisho wa Babeli. Kumbukumbu la Torati halina mgawanyo huo. Linasema "makuhani Walawi" tu.

Bawabu wa Zamu

Mpinzani, nilijua utafika, na nimefurahi umefika na hoja.

Ni kweli Kumbukumbu 18 linazungumzia kabila zima la Lawi na kumruhusu Mlawi yeyote anayetoka malangoni mwa mji wake aje mahali patakatifu ahudumu kama ndugu zake na kula fungu sawa. Mwenye jina kubwa katika hoja hiyo ni Julius Wellhausen, Mjerumani, aliyeiweka mwaka 1878 kwa mpangilio ambao wengine wanaupinga mpaka leo lakini hakuna anayeweza kuupuuza. Kwa ufupi: zamani kila mtu alitoa sadaka popote, Walawi walikuwa wataalamu wa kukodiwa, mfalme Yosia akafunga mahali pa juu pote, yaani madhabahu za nje ya Yerusalemu, Walawi wa vijijini wakabaki bila madhabahu, Ezekieli akawashusha rasmi, kisha sheria ya makuhani ikaandika mpangilio huo kana kwamba ulikuwepo tangu Sinai.

Tuitazame hatua kwa hatua, maana ndani yake kuna watu.

Waamuzi 17. Mika, mtu wa Efraimu, ana nyumba yake ya miungu na amemweka mwanawe kuwa kuhani. Anapita kijana Mlawi kutoka Bethlehemu ya Yuda, anatafuta pa kukaa. Mika anamwajiri: shekeli kumi za fedha kwa mwaka, mavazi na chakula. Anajisemea, sasa BWANA atanitendea mema kwa kuwa nina Mlawi. Yaani asiye Mlawi anaweza kuwa kuhani, ila Mlawi ni bora zaidi, ni mwenye ujuzi. Baadaye Wadani wanapita na silaha, wanamuuliza kijana: kipi bora, kuwa kuhani wa nyumba ya mtu mmoja au wa kabila zima? Akafurahi moyoni, akabeba sanamu, akaondoka nao. Na mwisho wa sura ya 18 ndio tunaambiwa jina: Yonathani mwana wa Gershomu, mwana wa Musa. Mjukuu wa Musa anahudumia sanamu Dani! Wanakili wa Kiebrania waliona aibu wakachomeka herufi moja juu ya mstari ili jina lisomeke Manase.

Shilo nako kuna nyumba ya Eli, wanawe wanachoma uma wa meno matatu ndani ya sufuria za watu. Kizazi chao kinahamia Nobu, Sauli anawaua makuhani 85 kwa siku moja, anaponyoka Abiathari, anamkimbilia Daudi. Daudi akitawala ana makuhani wawili, Abiathari na Sadoki. Daudi anapozeeka Abiathari anamuunga mkono Adoniya, Sadoki anamuunga Sulemani. Mjuavyo siasa. Sulemani akamfukuza Abiathari aende Anathothi kwenye mashamba yake, na tangu hapo madhabahu ya Yerusalemu ni ya wana wa Sadoki. Kaskazini Yeroboamu akaweka makuhani wasio wa Lawi kabisa huko kwenye ndama za Betheli na Dani.

Yosia mwaka 622 KK akakusanya makuhani wa mahali pa juu kutoka miji ya Yuda. 2 Wafalme 23 inasema hawakupanda madhabahuni pa BWANA Yerusalemu, walikula tu mikate isiyotiwa chachu kati ya ndugu zao. Linganisha na ahadi ya Kumbukumbu 18 ya haki sawa. Sheria ilisema waje, wenyeji wakawapa chakula bila kazi. Kisha Ezekieli 44, mwenyewe kuhani, uhamishoni: Walawi walioenda mbali watakuwa walinzi wa malango na wachinjaji, hawatanikaribia, wana wa Sadoki ndio watakaokaribia.

Ninapotofautiana na Wellhausen ni pale anapofanya daraja la chini kuwa uvumbuzi wa Ezekieli. Mahali patakatifu popote penye wanyama, ghala na milango pana watu wa kazi za chini tangu siku ya kwanza. Samweli alikuwa kijana wa kufungua milango Shilo. Kilichobadilika ni nani aliyeshushwa daraja hilo, na kwa hati gani. Na nisingesema sheria zote za makuhani ni za baadaye. Mwaka 1979 huko Ketef Hinomu, Yerusalemu, zilichimbuliwa hati mbili ndogo za fedha zilizokunjwa kama hirizi, zenye maneno ya baraka ya makuhani ya Hesabu 6. Wengi wanaziweka mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa ya 6 KK. Maneno yalikuwa tayari shingoni mwa watu.

Mpinzani Rasmi

Baraka moja haifanyi kitabu. Lakini sawa, hapo kwenye daraja la chini nakubali kwa nusu. Na orodha ya miji 48 waliyopewa Walawi?

Bawabu wa Zamu

Orodha ya Yoshua 21 ina matatizo yake, wala siyafichi. Miji 13 ya wana wa Haruni yote iko Yuda, Simeoni na Benyamini, karibu na Yerusalemu, wakati Yerusalemu yenyewe bado ni ya Wayebusi. Mimi hapo nanusa harufu ya mhariri. Na Gezeri wamepewa Wakohathi, wakati Yoshua 16 inasema Wakanaani wa Gezeri hawakufukuzwa, na tunakuja kuambiwa Farao aliuteka akampa binti yake, mkewe Sulemani. Wakohathi walikuwa na mji wa kwenye makaratasi.

Lakini wazo la msingi lina ukweli mchungu: kabila lisilo na eneo. Ndiyo maana Kumbukumbu linamtaja Mlawi pumzi moja na mgeni, yatima na mjane. Humtaji mtu tajiri hivyo.

Mtumishi wa Shamba

Bwana asifiwe. Mimi ni mchungaji, nimesoma yote. Naona uzi unaelekea kwenye zaka na najua humu watu wana maneno. Malaki 3 imesema leteni zaka kamili ghalani. Walawi walikula madhabahuni, na watumishi wa leo vivyo hivyo. Kuna ubaya gani?

Bawabu wa Zamu

Amina, mchungaji. Ubaya haupo kwenye mtumishi kula. Paulo mwenyewe ametumia mfano wa wahudumu wa madhabahu. Nina shida na kukata Malaki na kuacha mazingira yake.

Hesabu 18: zaka yote ni ya Walawi, badala ya ardhi, na wao wanatoa sehemu ya kumi ya hiyo zaka kwa makuhani. Ilikuwa nafaka, divai, mafuta na mifugo. Kumbukumbu 14 lina utaratibu mwingine: mtoaji anakula zaka yake mwenyewe na jamaa yake mahali patakatifu, na kama ni mbali auze, aende na fedha, anunue chochote roho yake inachotamani, ng'ombe, kondoo, hata kileo. Kila mwaka wa tatu inabaki mjini kwake kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Marabi walizipanga kuwa zaka ya kwanza, ya pili na ya maskini.

Sasa ghala. Nehemia 13 inatueleza ghala lilivyokuwa wakati huohuo wa karibu na Malaki. Eliashibu kuhani amempa Tobia, jamaa yake, chumba kikubwa kilichokuwa cha kuwekea zaka. Nehemia anarudi, anatupa nje vyombo vyote vya Tobia. Halafu anagundua Walawi na waimbaji hawakupewa mafungu yao na wamekimbilia kila mtu shambani kwake. Na anawagombeza wakuu. Malaki naye sura mbili za kwanza anawashambulia makuhani. Kwa hiyo "mnaniibia" la sura ya 3 lina zaidi ya mwizi mmoja.

Na mwisho wa hekalu la pili Josephus anaandika kwamba makuhani wakuu walituma watumwa wao kwenye viwanja vya kupuria wakachukua zaka kwa nguvu, hadi makuhani maskini wakafa njaa. Mfumo uliowekwa kulisha wasio na ardhi ukawa unawalisha wenye nguvu.

Mtumishi wa Shamba

Hapo kwa Eliashibu na Tobia umenigusa, sitabisha. Lakini bado nasema mkulima wa kwetu akileta gunia lake la mahindi Jumapili ya mavuno, hasomi Wellhausen. Anashukuru. Hiyo nayo ni Torati.

Bawabu wa Zamu

Nakubali, na mahindi kweli yako karibu na Torati kuliko bahasha.

Fundi Saa

Nimepita Ezra 2 na kikokotoo changu. Makuhani waliorudi 4,289. Walawi 74! Mbona hivyo?

Bawabu wa Zamu

Ndiyo hesabu inayosema kuliko hotuba. Ongeza waimbaji 128 na mabawabu 139, ambao hapo wametajwa kando, bado hawafiki hata 350. Na Ezra 8, Ezra mwenyewe akikusanya msafara kando ya mto Ahava, anakagua na hapati Mlawi hata mmoja. Inabidi atume watu kwa Ido huko Kasifia wamletee, wanapatikana 38. Mimi nasoma hivi: ungeacha nyumba na biashara Babeli urudi kwenye magofu, bila ardhi, ukawe msaidizi wa wajukuu wa Sadoki? Kuhani alikuwa na madhabahu ya kurudia.

Bint Pwani

Swali la mwisho kwangu. Leo wapo? Na ile "ewe dada yake Harun" anayoambiwa Maryam kwenye Qur'ani, inaingia humu?

Bawabu wa Zamu

Hiyo ya Surat Maryam wafasiri wana kauli kadhaa. Kuna hadithi kwamba watu walikuwa wakiitwa kwa majina ya manabii na watu wema wa kabla yao, na kuna wanaosema ni nasaba, kama mtu anavyoitwa ndugu wa kabila fulani. Upande wa Luka, Elisabeti jamaa yake Mariamu anatajwa wazi kuwa wa uzao wa Haruni.

Leo wapo, ndiyo. Hekalu liliangamia mwaka 70, sadaka zikakoma, lakini nasaba ilibaki mdomoni mwa akina baba. Katika sinagogi Torati ikisomwa, wa kwanza kuitwa ni Kohen (kuhani kwa Kiebrania), wa pili Mlawi, kisha Israeli wengine. Kabla Makohen hawajatoa baraka, Mlawi anawamiminia maji mikononi. Mtoto wa kwanza wa kiume wa mama hukombolewa kwa Kohen kwa sarafu tano za fedha akishapita siku 30, ila baba akiwa Kohen au Mlawi, au mama akiwa binti wa mmoja wao, hakombolewi. Ile fidia ya Hesabu 3 bado inahesabika.

Vinasaba navyo vimeulizwa. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha Makohen wengi wana alama inayofanana ya kromosomu ya Y, na baadaye alama hiyo ikaonekana pia kwa wingi katika ukoo wa Buba wa Walemba wa kusini mwa Afrika. Walawi matokeo yao ni mchanganyiko zaidi. Haya hayamthibitishi Haruni, yanaonyesha tu kuwa baba kwa mwana walishikilia.

Na Wasamaria, wanaochinja pasaka juu ya mlima Gerizimu hadi leo: ukoo wao wa makuhani wakuu waliojihesabu wa Finehasi mwana wa Eleazari uliishiwa wanaume katika karne ya 17. Ukuhani mkuu ukachukuliwa na familia ya Kilawi iliyokuwapo, na ndiyo inayoushika hadi sasa.

Kiti cha Nyuma

Kwa hiyo kuna mahali Walawi walipanda madhabahuni mwishowe?

Bawabu wa Zamu

Gerizimu, ndiyo. Wakasubiri tu hadi mwenye mlango akaishiwa wana. Kesho nikipata nafasi nitaleta habari za Barnaba, Mlawi wa Kipro, ambaye kwenye Matendo 4 anauza shamba. Mlawi na shamba! Mpinzani, andaa kalamu.